Fundo Langu kwenye Waya wa Tanuri

Bartholomew mtoto wa dada yangu,

Mjomba wako nina miaka sabini na tatu. Mameneja wanne wa tanuri ya chokaa wamekuja wakaenda, mimi bado nasimama. Huku Iyolwa mahindi yamekubali. Mbuzi wa mama yako amezaa mapacha.

Ule moto wa tanuri, ambao walikufukuza kwamba unauzima kwa uzembe, sasa hauzimiki tena. Nasrudin fundi wa umeme alikuta waya mwembamba wa jicho linaloangalia moto umefungwa pamoja na waya mnene wa mota. Anasema umeme wa mota unausumbua ule mwembamba, jicho linadhani moto umekufa, linafunga mafuta. Akazitenganisha tu, ikaisha.

Akacheka, "Mzee, aliyefunga hivi alidhani ni kuni!"

Ni mimi nilifunga, siku nafagia, maana sipendi kitu kining'inie. Na hakuna mtu hapa anafunga fundo kunishinda. Siku tatu niliendelea kufagia tu. Jana nimemwambia meneja. Amesema wewe urudi kazini Jumatatu. Mimi nakwenda kulima.

Ukidhani nakudanganya, muulize Dorah anayepika chai ya wafanyakazi. Alikuwepo, na sikunong'ona.

Mjomba wako, Oketcho