Maziwa Yaliyomwagwa Mlangoni

Omate, Walikale
Tarehe 3 Oktoba 2022

Mpendwa dada Kampire,

Leo ni mwaka mmoja na miezi miwili tangu nilipotoka Masisi. Goti lako linaendeleaje? Ng'ombe wanapata majani? Mimi ni mzima, ila mgongo umechoka na shimo la dhahabu.

Naandika kwa sababu ya binti yangu Tuyizere. Mke wangu Vénantie amenipigia simu analia. Alimpeleka mtoto kituo cha afya kwa kuwa akilala pumzi inakatika. Anayepima uzito akasema mbele ya akina mama wote: "Huyu, mulete mizani ya magunia." Wakaucheka unene wake. Mmoja akaongeza: "Mama Tuyizere, na bengine bakule kidogo."

Karatasi ya kumpeleka hospitali alipewa. Daktari anamngoja mtoto Jumanne tarehe 18. Lakini Vénantie ameapa hatasimama tena mbele ya mizani ya mtu. Mtoto ana miaka tisa, dada. Naogopa.

Sasa nisamehe nikisema wazi. Wanawake wameacha kununua maziwa yetu kwa neno hili: "Mafuta ya maziwa anamupa mutoto wake, sisi anatuuzisha maji." Neno hilo lilitoka kwako, kwenye ubatizo wa mjukuu wako. Najua ulikuwa unatania.

Sikia lilipofika. Wiki iliyopita Vénantie alichukua maziwa ya Tuyizere, ya ng'ombe niliyempa alipozaliwa, akayamwaga mlangoni ili majirani waone kwamba mtoto hanywi. Maziwa, chini, kwa makusudi. Katika ukoo wetu nani aliwahi kufanya hivyo? Na Nestor, mdogo wake Tuyizere, anakula naye sahani moja, amekonda kama fimbo ya mchungaji. Huyo nani amemnyima?

Mimi pia nina kosa langu. Wenzangu waliona picha ya Tuyizere kwenye simu. Valentin akasema: "Kaka, kumbe zahabu yote iko mu tumbo ya huyu?" Nikajibu kwamba ni mtoto wa jirani. Wakacheka, nami nikacheka.

Basi nenda kwa Vénantie. Usimfundishe habari za chakula, amefundishwa na kila mtu. Mwambie ulikosea. Kisha uombe maziwa, uyanywe palepale mlangoni, majirani wakiona. Neno lilitoka kinywani mwako, na kinywa hicho ndicho kitakacholifunga.

Unisalimie shemeji Damien na mama mdogo Murekatete. Mungu awafunike ninyi na zizi lote.

Barua hii anaileta Mbusa, yule mwenye duka, nami nitapanda gari lake safari inayofuata. Jumamosi tarehe 15 nitakuwa nyumbani. Jumanne, tukienda hospitali, nitapita na Tuyizere katikati ya soko, nimemshika mkono, na atakayeuliza ni mtoto wa nani, safari hii nitamjibu.

Mdogo wako akupendaye,
Munyakazi