Nusu ya Maneno ya Daktari

Mama yangu mpendwa,

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, wala Papa hapa nyumbani, wala pasteri, wala Mungu kwa sauti. Siku ile hospitalini Lilongwe daktari alisema maneno mengi, na mimi nikakufasiria nusu tu.

Ulikuwa unatokwa na damu tangu nilipokuwa darasa la saba. Kanisa letu hapa kambini Dzaleka lilifunga siku tatu kwa ajili yako, na siku ya tatu damu ikakoma. Wanawake walipiga vigelegele mpaka majirani Warundi wakatoka nje kuuliza nani anaolewa. Pasteri akasoma habari za yule mwanamke wa Injili aliyegusa upindo wa vazi la Yesu, akakuita mbele, akasema habari ile sasa ni yako. Kisha akatuonya: mtu akishaponywa, ugonjwa wake usitajwe tena, kwa sababu kuutaja ni kuuita urudi. Mimi niliketi nyuma, kama kawaida yangu, nikaapa moyoni kwamba sitautaja.

Wiki iliyofuata tulikwenda kwa daktari, kwa kuwa siku ilikuwa imeshapangwa. Ulivaa kitenge cha kanisani. Kichewa chako kiliishia kwenye zikomo, asante yao, na Papa nje ya Kiswahili anajua Kifaransa tu, kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa mdomo wa nyumba yetu, mimi ambaye mwalimu aliniomba kila siku niinue sauti. Daktari alisema ni kweli damu imekoma, lakini uvimbe bado uko ndani. Urudi baada ya wiki mbili, Alhamisi, upasuliwe kabla haujasambaa.

"Anasema nini?" ukauliza.

"Anasema damu imekauka."

"Njo ile tu? Hakuna ingine?"

"Njo ile tu, Mama."

Ukamshika daktari mkono kwa mikono yako miwili, zikomo, zikomo, mpaka akacheka. Alidhani umekubali kurudi.

Pale mjini, Old Town, tulikula nsima, ugali wa huku, na samaki kabla ya kupanda gari la kurudi. "Hii nsima yao ni laini kama uji wa batoto," ulisema, "lakini leo hata bakinipa majani nitakula." Uliona sahani yangu haipungui. "We, kula! Mugonjwa ni nani hapa?" Nilicheka nawe. Sikujiona mwongo. Nilijiona nimeshika ule upindo kwa niaba yako, na kwamba nikiuachia utakufa.

Alhamisi ile ilipofika ulikuwa kanisani ukitoa ushuhuda. Kitabu chako cha hospitali kilikuwa chini ya godoro langu.

Damu iliporudi, miezi mitano baadaye, daktari yuleyule aliniuliza kwa nini hatukurudi. "Anasema nini?" uliuliza kwa sauti iliyokwisha nguvu. Nikakwambia, "Anasema pole."

Sasa nimemaliza shule na ninasoma Injili mwenyewe. Wale kumi wenye ukoma, Yesu aliwatuma wakajionyeshe kwa makuhani, hakuogopa wakaguliwe. Yule baba wa mtoto mwenye kifafa alikiri mbele yake kwamba imani yake imepungua, na mtoto akapona vilevile. Hata mwanamke wako wa damu, alipotafutwa katika umati, alikuja akitetemeka, akasema kweli yote. Ndipo akaambiwa aende kwa amani. Mimi nilikuwa mbele yako wewe peke yako, si mbele ya umati, na kweli sikuisema. Nimetafuta mahali ambapo mtu aliua kwa sababu ya kuamini, nione Yesu alimwambia nini. Sijapaona. Nikiomba, ni kama ninaongea na matofali.

Juzi jirani yetu Mama Furaha alinichukua nikamfasirie hospitalini. Daktari alisema mguu wake lazima ukatwe. Nikamwambia yote.

"We mutoto uko na mdomo mubaya!" akasema. "Mama yako ulimuletea habari ya furaha. Mi unaniletea kisu?"

Watu wote kwenye benchi waligeuka. Nilimwambia tena, mguu, siku, saa, mpaka akaanza kulia. Nilifikiri kusema kweli kutanipa nafuu kidogo. Hakukunipa. Nilitamani tu ungekuwa wewe unayenitukana.

Papa bado anashona sokoni. Anawaambia wateja kwamba Mungu alikuponya ugonjwa wa kwanza, na uliokuchukua ni mwingine. Hilo ndilo linalomwinua asubuhi akakalie cherehani. Jumapili, akitoka ibadani, anakuja hapo ulipolala na kuzungumza nawe. Nimemsikia. Anakueleza mambo ya nyumbani, halafu anainamisha sikio kama mtu anayengoja jibu.

Lala, Mama. Sikuombi unisamehe, kwa sababu sijui kama waliokufa wanaruhusiwa kukataa. Ninakuomba hili moja tu: Papa akikuuliza kwa nini uliponywa kisha ukafa, usimwambie. Akijua, hatanipoteza mimi peke yangu. Atampoteza na Mungu wake, na hana kingine.

Ni mimi,
mtoto wako wa kwanza