Kidani cha Mawe Saba

Nyumba ya Fundi Ibouroi,
Mutsamudu, Ndzuani.
7 Mfunguo Mosi 1398
(10 Septemba 1978)

Mpendwa mdogo wangu Latoifa,

Assalamu alaykum. Kwanza hali. Lile goti lako la kushoto bado linakusumbua ukipanda ngazi? Na shemeji yangu Nourdine, ameacha tumbaku kama alivyotuapia? Bahia naye, bibi harusi wetu, hajambo? Sisi huku wazima. Mama anakula, analala, anagomba. Ukimwona anagomba ujue afya ipo. Ramadhani kaifunga yote. Tulipomshauri apumzike kwa ajili ya umri wake, akatununia siku mbili.

Nakuandikia Kiswahili ili Bahia akusomee, maana umesema macho yako hayataki tena maandishi madogo. Kiswahili changu ni kile nilichookota Unguja miaka miwili niliyokaa kwa shangazi. Kikikwaruza, msinicheke.

Najua umenikasirikia. Umeniletea barua tatu zinazouliza jambo moja, nami nimekujibu habari za mvua na bei ya mchele. Leo nitakujibu. Ila niache nianzie mbali, kwa sababu nikianzia karibu nitaikunja karatasi hii kama nilivyokunja zile nyingine.

Unakumbuka siku mchimba kisima wa Hombo alipomletea baba lile jiwe? Wewe ulikuwa umeng'oka meno ya mbele. Lilikuwa bonge la kijivu, bovu kulitazama, na mama akauliza kama siku hizi masonara wanalipwa kwa mawe. Baba alilifunga kwenye ubao, akalikata kwa uzi wa shaba na mchanga, na sisi wawili tukawekwa kumwagia maji. Wewe ulimimina kibuyu kizima, mchanga wote ukaenda zake. "Msinipe mto," akasema, "nipeni tone." Nyumba nzima tuliuchukua msemo ule, mpaka leo mtu akizidisha chumvi kwenye mchuzi, huambiwa hatukuomba mto.

Siku ya tatu jiwe likafunguka. Ndani kulikuwa na maua, Latoifa, maua madogo yamebanana, kila moja na miale yake. Baba akatueleza kwamba lile lilikuwa tumbawe lililoishi baharini kabla ya watu, bahari ikaliacha, udongo ukalifunika, nalo likageuka jiwe bila kupoteza sura yake. Ulilia ukitaka lirudishwe majini. Nilikucheka, na leo nakuomba radhi kwa kicheko hicho pia, maadamu ni siku ya kuomba radhi.

Alichonga mawe saba, akayasugua kwa ngozi ya papa mpaka yakang'aa, akayaweka kila moja katika kikombe chake cha dhahabu. Dhahabu yenyewe ilikuwa nyembamba, unajua baba hakuwa tajiri. Thamani ya kidani ilikuwa mawe. Nilikivaa mimi siku ya ndoa yangu kubwa, nikapita kichochoroni nimejifunga shiromani jipya, liwa usoni, na watu walinitazama shingo tu. Wewe ulikuwa uvae baada yangu. Lakini Nourdine alikuwa na haraka ya kurudi Unguja, ukaolewa huko huko, mbali nasi, na baba akakuandikia kwamba kidani kitavaliwa na binti yako. Barua ile unayo. Umenitajia mara tatu.

Baba alifariki mwaka mmoja kabla ya uhuru, na kidani kikabaki mikononi mwangu. Nakiri kwamba mara nyingine nilijifungia mlango nikakivaa peke yangu.

Kisha zikaja zile siku za utawala wa Ali Soilih. Habari zake mmezisikia huko, zingine za kweli, zingine za kuongezwa viungo. Ofisi zilifungwa, na mume wangu Mroudjae, aliyekuwa karani Moroni kwa miaka kumi na minne, akaambiwa arudi kwao akalime. Yule bwana hajui hata jembe linashikwa upande gani! Gharama za ndoa kubwa zikapigwa marufuku. Ukazuka uvumi kwamba vijana wa kamati zake watapita nyumba hadi nyumba kutafuta dhahabu za ndoa. Wanawake wakaanza kuficha. Mmoja alizika, mwingine alishona kwenye godoro. Mimi nikajiona mwerevu kuwapita wote.

Uani palikuwa na chungu ya matumbawe, yale ya kuchomea chokaa. Nikachagua tumbawe moja lenye shimo, nikatia kidani ndani, nikaziba kwa udongo, nikalisukumia katikati ya yale mengine. Nani atatafuta tumbawe ndani ya matumbawe? Sikumwambia mtu, hata mama, maana mama siri humkaa mdomoni kama maji ya moto. Akili nyingi huondoa maarifa.

Wiki ile ile nikaletewa habari kwamba Mroudjae ana homa kali huko Moroni. Nikapanda chombo kumfuata. Nilimkuta chumbani kwake nyuma ya Msikiti wa Ijumaa, amekonda, analia kwa ajili ya mafaili yake yaliyochomwa kuliko kwa ajili ya homa. Nilimuuguza wiki tatu. Nikamchukua hadi Ntsoudjini kwa jamaa zake, akanywa supu, akapata nguvu, tukarudi wote Mutsamudu.

Nilipoingia uani, chungu ya matumbawe haikuwepo.

Mama alinipokea kwa furaha ambayo sijaiona tangu baba afe. Hakunipa hata nafasi ya kumwamkia. Akanishika mkono, akanipeleka kwenye chumba chako. Ndiyo, chako, kile alichokujengea baba kama ajengavyo kila baba wa huku kwa binti yake, na ambacho hukupata kukilalia hata usiku mmoja wa ndoa. Kilikuwa cheupe kote, kinanukia chokaa mbichi. Maana mama alikuwa amewaona ndugu zetu wa Majunga wakirudi na mabunda yao vichwani baada ya yale mauaji ya watu wetu huko, akasadiki kwamba sasa wa Unguja nao watarudi. "Mdogo wako akija," akaniambia, "asikute ukuta umechubuka." Alimwita Oumouri, mchoma chokaa, akachukua chungu yote, akaichoma kwenye tanuu lake pwani, ikazimwa kwa maji, ikapakwa.

Nilimwambia chumba kimependeza. Kisha nikatoka nikaenda kukaa chooni, Latoifa, nikauma upindo wa nguo yangu nisisikike.

Kesho yake nilimwendea Oumouri. Nilibisha hodi, nikampigia "kwezi" kama tunavyowaamkia wakubwa. Hakuniuliza kitu. Aliingia ndani akatoka na kopo la maziwa, akanimiminia kiganjani vikombe saba na vipande vya mnyororo, vyeusi kwa moshi. Lehemu zilikuwa zimeachia; dhahabu yenyewe moto wa chokaa hauiyeyushi. Vikombe vilikuwa vitupu: mawe ya baba nayo yalikuwa tumbawe, yakaungua yakawa chokaa pamoja na mengine. "Nilichoma matumbawe ya nyumba nne," akasema. "Sikujua ni ya nani. Nikasema aliyepoteza hakosi kuuliza." Yule mzee alikuwa na viatu vilivyotoboka vidole, wala hakikukosekana kikombe hata kimoja.

Na wale vijana wa kamati? Hawakuja. Nyumba yetu hawakuigusa, wala ya jirani. Mtu wa kumlaumu simpati, nimetafuta.

Mwaka mzima umepita. Serikali ile imeondoka tangu Mei, ndoa zimerudi na ngoma zake, na nilipokwenda Moroni mwezi wa Julai nilimpelekea sonara mmoja aunge mnyororo. Akaniambia ataniwekea vioo vyekundu mahali pa mawe, wala hakuna atakayejua. Karibu nikubali. Nilikuwa nimeshaandika kichwani barua ya kukudanganya, nzuri sana. Halafu nikamkumbuka baba na lile tone lake, nikamwambia sonara aviache vikombe wazi.

Kwa mama nilisema juzi, siku ya tano ya Eid, baada ya kula. Nilitarajia makelele mpaka watu wa kijiji cha Patsy wasikie. Badala yake aliinuka, akaingia chumbani kwako, akapitisha kiganja ukutani polepole, kutoka mlangoni mpaka dirishani, akakitazama kilivyokuwa cheupe. "Nilipaka mwenyewe upande huu," akasema. "Oumouri alikuwa amechoka." Kisha akalia, nami nikalia, tukaitana wapumbavu, na chai ikapoa.

Kwa hiyo jibu lako ni hili: mawe ya baba hayapo. Nimeyapoteza mimi, kwa ujanja wangu, na ahadi aliyokuandikia nimeivunja mimi. Nilikivaa kidani siku yangu, wewe hukukivaa, na sasa Bahia hatakivaa kama kilivyokuwa. Sina cha kulipia. Nakuomba unisamehe, na ukishindwa kwa sasa, nigombeze kwa barua, usininyamazie.

Chanfi, mtoto wa binamu yetu, anakuja huko kupitia Mombasa. Ndiye mwenye barua hii na kifurushi. Dhahabu iliyomo ni ya Bahia, aivae au asiivae. Ufunguo ni wako. Ni wa chumba chako. Mama amesema hatalala mtu mwingine humo wala hakitapakwa chokaa nyingine, na harusi ikiisha baada ya Eid Kubwa, mlete Bahia na mumewe tumkalishe ndani siku saba, kama tulivyokalishwa sisi tuliobaki.

Mroudjae anakusalimu, sasa ana mihogo, na mitatu kati yake imeota. Binamu yetu Housna na wanawe wa Patsy wanakusalimu. Mama anamsalimu Nourdine na kumkumbusha tumbaku. Nisalimie shangazi, na umbusu Bahia mashavu yote mawili kwa niaba ya mama, koko wake, bibi anayemngoja. Mola awafikishe siku ya harusi salama, na atukutanishe mama angali anagomba.

Ni mimi dada yako nikupendaye hata nikichelewa kujibu,
Saoudat

Nyongeza: Chokaa ya Oumouri huacha unga. Ukiegemea ukuta ikakushika begani, usiikung'ute.