Mama Mkwe Amenikataza Kuufua Mfuko wa Kulalia wa Marehemu

Mpendwa mshauri, naomba msaada maana nimekwama kati ya mama mkwe na binti yangu, na wote wawili nawapenda. Marehemu mume wangu alikuwa akiongoza wageni kupanda mlima, na alituachia mfuko wake wa kulalia, ule wa kuingia mwili mzima na kufunga zipu hadi kidevuni, umejaa manyoya laini ya bata, ambao zamani ulikuwa umeumuka kama mkate na sasa umelala bapa kama gunia tupu. Binti yetu ameshika kazi ya baba yake, juzi alipanda na mfuko huo akarudi anakohoa, akaniambia, "Mama, baridi imenitafuna mgongo usiku kucha," nami nikasema niufue labda utaumuka tena, lakini mama mkwe, ambaye tunaishi naye, akaupokonya akasema, "Ukiufua huu utakuwa umenizikia mwanangu mara ya pili," kwa sababu bado una harufu yake, na kweli unayo, hata mimi huinusa. Sasa ameufunga kamba, ameusokomeza sandukuni, ufunguo ameuvaa shingoni, na binti anapanda tena mwisho wa mwezi, mpya hatuuwezi, nikimnyang'anya mzee nitakuwa mkwe mwovu, nikinyamaza mwanangu ataganda, nifanye nini?

Mke wa Mpanda Mlima

Pole sana, mama. Lakini nikuulize: mkweo anajua kwamba mjukuu wake alirudi anakohoa? Kwenye barua yako sioni ulipomwambia. Umemficha habari, kisha unamlaumu kwa kutojua! Mwambie leo, binti akiwepo. Na ukubali mbele yake kwamba harufu hiyo hata wewe unaililia. Asidhani analia peke yake.

Kisha mweleze ukweli: jasho na mafuta ya mwili ndiyo yaliyoyagandisha manyoya, na kubanwa kwa kamba kunazidi kuyaua. Kama lipo sweta la marehemu lenye harufu yake, mwachie hilo, lisifuliwe kamwe.

Mfuko uloweke katika maji ya vuguvugu na sabuni ya maji isiyo kali, kidogo tu. Usitie sabuni ya unga. Ukande kwa viganja, usiusokote. Suuza mpaka povu liishe kabisa, kisha uunyanyue kwa mikono miwili kama mtoto mchanga, maana ukiuvuta kwa ncha moja uzito wa maji utauchana. Utandaze penye upepo, ugeuze mara kwa mara, na mabonge ya manyoya yachambuliwe kwa vidole kutokea nje, bila kufungua kitambaa. Kazi hiyo mpe mama mkwe. Itachukua siku kadhaa, na ukiharakisha mfuko utaota ukungu. Ukishakauka, utundike, sandukuni usirudi. Na ukibaki bapa baada ya yote hayo, binti aazime kwa wenzake. Asipande na huo wa baba yake, hata bibi akilia.

Kabla hatujachapa ukurasa huu, mama huyu alitupigia simu. Mama mkwe aliposikia habari ya kikohozi alifungua sanduku, akachambua mabonge mwenyewe, huku akisimulia utoto wa mwanawe, na mfuko umeumuka, si kama mpya, lakini unatosha. Siku ya safari, bibi aliubeba hadi mlangoni, akamkabidhi mjukuu wake.

"Ukirudi," alimwambia, "uje unihadithie usiku wa huko juu ulivyo. Baba yako sikuwahi kumuuliza."