Kadi ya Manyang

Jumamosi, 10 Oktoba 2009

Nimekasirika hadi kalamu inatoboa karatasi. Leo hotelini kwetu, mtaa wa Amarat, kulikuwa na ile shughuli ya bosi wangu Jacinta, Mkenya asiyejua kunyamaza. Watu wanapanda jukwaani alasiri, wanasimulia mambo ya maisha yao. Sharti ni moja: iwe kweli, na iwe yako. Mimi niko zangu mapokezi na funguo za wageni. Nasikia sauti kwenye spika — Manyang! Mdogo wangu wa tumbo moja! Hata hakuniambia.

Anasimulia mto Gilo. Mwaka tisini na moja, tumefukuzwa kambini Ethiopia, risasi nyuma, maji mbele, yeye mtoto mchanga mgongoni mwa dada yake wa miaka kumi. Dada huyo ni mimi. Anaeleza hadi ubaridi wa maji! Watu wakalia. Khawaja mmoja, mzungu, akavua miwani akapangusa macho. Nilitamani kung'oa waya wa spika.

Jumapili, 11 Oktoba

Kanisani sikusikia neno. Basi niandike, humu hakuna wa kunisuta.

Manyang niliyembeba alikufa. Alikuwa na miezi minane. Tulivuka, nikakimbia naye, nikadhani amelala. Huyu wa jukwaani alizaliwa Kakuma, mwisho wa tisini na mbili. Mama alipoandikisha familia kambini alitaja watoto wote, hata marehemu — nani hakufanya hivyo? Mgao ulikuwa mdogo. Alipozaliwa mwingine wa kiume, akapewa jina la marehemu na kadi yake ya mgao. Miaka miwili ya bure juu yake. Watu wakiuliza mbona mdogo, tunasema ni mfupi tu. Mwanzoni tuliogopa kadi itakatwa. Halafu tukazoea. Yeye hakuambiwa kamwe.

Na lipo ambalo hata Mama halijui. Tulipotezana mtoni; tulipokutana naye Pochalla, siku nyingi baadaye, aliuliza mtoto yuko wapi. Nikasema nimemzika, akina mama wa njiani walinisaidia kuchimba. Uongo. Nilimlaza kwenye nyasi nikakimbia. Hata uso sikumfunika. Mama akilijua hilo sijui kama ataniita mwanangu tena.

Jumatano, 14 Oktoba

Nimemkabili hapa nyumbani New Site, anapiga pasi shati lake la ofisini. Nikamwambia aache ile stori, si yake. Akacheka. Eti nina wivu. Eti nimeikalia stori miaka kumi na minane kama kuku aliyekalia mayai viza. Kijana huyu! Mimi niliyemfunza kuchamba! Nikamuuliza, wewe Gilo unaikumbukia wapi? Akasema mwili unakumbuka. Mwili gani, nkt.

Halafu Jacinta. Anataka Manyang arudie Jumamosi, watu wa mashirika watakuja, na atakayewagusa zaidi atapelekwa Nairobi kusimulia huko. Mama ameshaalikwa! Nikamwambia mambo ya familia si ya spika. Akanijibu mficha uchi hazai. Nilitaka kumwambia basi azae yeye. Nikameza. Kazi ni kazi.

Ijumaa, 16 Oktoba

Mama amefua lawa yake, ile nzuri ya kufunga begani. Nimemuuliza kama anajua mwanawe anakwenda kusema nini. Anajua! Anasema nimwache, kijana apate safari, maneno ya jukwaani ni kalam sakit, maneno tu. Aliyezikwa ametulia, anasema. Hasumbuliwi.

Nimetupa sufuria uani. Mama ameiokota, ameisuuza.

Jumamosi, 17 Oktoba

Ukumbi ulijaa. Mama mbele kabisa, na soda yake. Manyang kwenye koti la kuazima. Alipofika mtoni akaongeza mapya: eti nilimwimbia tukivuka. Nilimwimbia! Nilikuwa nameza maji. Halafu akanyoosha mkono — dada aliyeniokoa yuko hapa, dada njoo. Makofi. Jacinta akanisukuma mgongoni, nikajikuta nimeshika maikrofoni.

Nikasema, "Niliyembeba alikufa. Huyu alizaliwa Kakuma, akapewa kadi ya marehemu."

Halafu wakasimama wote wakapiga makofi! Walidhani ndivyo tulivyopanga. Jacinta analia, ananikumbatia, ananiambia Achai, kumbe na wewe unaweza. Wapumbavu kabisa. Manyang peke yake hakupiga. Mdomo wazi, mikono inaning'inia. Na mimi nilifurahi. Niandike tu kama ilivyokuwa: nilifurahi kumwona hivyo, kwa dakika nzima. Kisha nikamwona Mama anatafuta mlango.

Sasa tuko nyumbani, jua bado halijazama. Manyang amekaa kizingitini na lile koti. Ameuliza ana miaka mingapi. Mama akamwambia kumi na sita, wa kumi na saba unakuja. Akauliza alitafutiwa jina lake mwenyewe au halikutafutwa. Mama akasema nyakati zile mtu hatafuti jina, anatafuta chakula. Nilidhani atapiga kelele. Afadhali angepiga, ningemjibu, maneno ninayo.

Hakupiga. Anasema Nairobi haendi. Anataka kwenda kwa kaka yake marehemu, amwambie kwamba jina lake alikuwa amemshikia tu. Anauliza alizikwa wapi.

Mimi nimeinamia daftari hili, najifanya sisikii. Mama hakufikiri hata kidogo. Amenigeukia na sauti ya upole ambayo sijaisikia kwake tangu Kakuma.

"Mwambie, Achai. Wewe ndiye uliyemzika."

Wananitazama wote wawili. Bado naandika.