Sikio la Kulia

Mjukuu wangu Neema,

Marahaba. Huku Nkoaranga tu wazima, babu yako anapalilia kahawa. Umeniuliza kama uogope kuzibwa tundu la ngoma ya sikio.

Nami nilifanyiwa nikiwa msichana. Masikio yote mawili yalikuwa yametoboka, nikisikia kwa shida. Walianza na la kulia. Daktari aliziba tundu kwa kipande cha nyama laini kutoka nyuma ya sikio, akaniambia kwa sauti kubwa, "Maji yasiingie. Usipenge kamasi kwa nguvu, usibebe mzigo. Kusikia kutarudi polepole, na mara nyingine kiraka hakishiki."

Wiki ya pili nilijiona nimepona, nikashika ndoo. Mama akaninyang'anya. "Kaa!" Akapandisha maji peke yake kutoka mtoni wiki nyingi, nami nikikaa kwa aibu, nikidhani sikio limekufa.

Siku moja alipotua ndoo nilisikia akiguna. Nikamuuliza, "Mama, umeanza lini kuumwa?"

"Zamani, mwanangu. Ulikuwa husikii."

Nenda, Neema, usiogope. Ila kubali kuhudumiwa, na umtazame vizuri anayekuhudumia.

Nakuombea,
Bibi yako