Kivuli Chako Kwenye Mkutano

Nyumbani, ghorofa ya pili,
Mlango wa buluu.
Jumapili, 4 Agosti.

Mpendwa mdogo wangu Fuko,

Pokea salamu zetu kwanza, maana najua wewe ni mtu wa kurukia ukurasa wa mwisho. U hali gani? Mgongo je, umepona, au bado ukiinama shimoni unainuliwa na watu wawili? Sisi ni wazima, isipokuwa jambo moja nitakalokueleza mbele kidogo. Shemeji yako bado anaendesha basi la wafanyakazi wa hospitali na bado anakoroma. Mimi na cherehani yangu tunashona mapazia ya hoteli ambamo hatutalala kamwe.

Mkutano wenu wa mambo ya kale ya Uarabuni ulipokaribia, nilikutandikia kochi kama kila mwaka. Ndipo ukapiga simu kwamba kibali cha kuchimbua kimesogezwa hadi siku hizohizo, huji, mada yako itasomwa na mwenzako. Nikasema hakuna neno. Lilikuwapo neno. Shuka sijalitoa mpaka leo.

Mama akasema atakwenda vilevile. Unamjua. Miaka yote umemkalisha mstari wa mbele, anasinzia tangu habari za visima hadi za maandishi ya kwenye mawe, kisha anazinduka kwenye makofi na kupiga kuliko wote. Nikamwambia, "Mama, mwenyewe hayupo." Akanijibu, "Maneno yake si yapo? Nitafutie viatu."

Sasa hapa usome taratibu. Mama haoni vizuri tena. Ni presha ya macho. Daktari amesema kilichopotea hakirudi. Kilichobaki tunakilinda kwa dawa ya matone, na hakuna anayejua kitadumu hadi lini. Nyuso hazitambui. Mimi ananijua kwa hatua zangu, na mjukuu wake kwa kelele. Alinikataza nisikwambie, ati utaacha kazi yako bure. Nimeibeba siri hii tangu mvua zilipoanza na imenichosha.

Basi tukaenda. Ukumbi ni uleule, viti vilevile vya kukata mapaja, mwenyekiti yuleyule na kengele yake ya kunyamazisha maprofesa. Mwenzako yule mrefu alisoma vizuri, ila vichekesho vyako alivisoma kama maelezo ya dawa. Nilikuwa nasikia maneno yako na sauti si yako, nikatamani utokee kwenye mlango wa nyuma umnyang'anye karatasi.

Ikaja picha ya ile nyumba mliyoichimbua: mchanga mweupe, msingi wa mawe, na kile kijiti chenu cha mistari myeupe na myeusi cha kuonyesha vipimo. Na chini kabisa, kivuli cha mpiga picha kimelala mchangani, kofia na viwiko. Mwenzako akaomba radhi, akasema mpiga picha alisahau kuwa jua liko nyuma yake, ilhali ni mpiga picha huyohuyo anayewagombeza wanafunzi kwa kosa hilo. Ukumbi ukacheka.

Mama hakucheka. Alinishika mkono, akaninong'oneza, "Ni yeye. Tazama viwiko." Tangu utotoni unashika kila kitu viwiko nje, hata kikombe cha chai. Kivuli kilikuwa kikubwa, cheusi, juu ya mchanga mweupe. Nadhani ndiyo maana alikiona.

Ulipofika wakati wa maswali akanyoosha mkono. Nikatamani ardhi ipasuke nizame. Mwenyekiti akamuuliza kama swali lake linahusu ukuta au vyungu. Akasema, "Linahusu kivuli, baba. Nirudishieni."

Wakairudisha picha. Mama akainuka, nami nyuma yake, akasogea hadi mbele ya taa ya projekta. Kivuli chake kikaangukia palepale kando ya chako, kifupi, mkoba umening'inia mkononi. Mkasimama hivyo, mtu na mwanawe. Kengele haikupigwa, na mimi nililia mbele ya wasomi wote bila aibu.

Njiani aliniuliza mbona umekonda. Nikamweleza kwamba kivuli cha asubuhi humrefusha kila mtu. Hakuniamini, kwa hiyo kula.

Fuko, nimekukumbuka mno. Ule mchanga wa jangwani uliokuwa unanijazia bafuni, niliokusimanga kwa ajili yake kila mwaka, leo ningeufagia kwa furaha. Sikuambii uache kazi. Nasema kuta hizo zimekaa humo ardhini karne nyingi na zitakuwapo ukirudi. Macho ya mama siwezi kuyaahidi hivyo. Njoo kabla mwaka haujaisha, na kibali wakikisogeza tena, wewe waache wakisogeze.

Shemeji yako anakusalimu. Mpwa wako anakusalimu na anauliza kama umepata dhahabu. Shangazi anayeniuzia vitambaa anakusalimu, naye anauliza kama umepata mke. Mungu akukinge na jua hilo, akulaze salama, akufungulie njia ya kurudi.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata unaponikera.

Naongeza: nimemsomea mama barua hii. Amenigombeza kuhusu habari ya macho, kisha akanituma nikuandikie hivi. Siku utakayofika, usikimbilie kumkumbatia. Simama kwanza pale mlangoni, jua likiwa nyuma yako, viwiko nje, akuone.